Kidole cha Ustadh Nazhan

Mola anisamehe, niliandika uongo kwa chaki, tena nikiwa na udhu. Mimi ndiye mshika ubao wa matokeo hapa Basra, mkahawani kwa Jasib, tunapokaa kila alasiri na chai ya ndimu kavu. Jumanne, Ustadh Nazhan, bingwa wa mkoa, alicheza sataranji na Shnawa, mfua bati asiyewahi kumfunga hata shemeji yake. Kwetu hapa, mchezaji mkali akiuona ushindi hugonga meza kwa kidole, na mnyonge humlaza mfalme wake chini, kukubali kushindwa. Ustadh akagonga. Shnawa akasema, “Nimalize kwanza.” Ustadh akapandwa na hasira, akasukuma waziri wake bila kutazama. Kumbe mfalme wa Shnawa, kete yake ya mwisho, hashambuliwi, na hana nyumba ya kukanyaga. Kwa sheria ya sataranji, sare hiyo! Nami kwa woga nikaandika: Shnawa kashindwa. Tangu hapo Shnawa haji.

Leo wazee wa mkahawani wameanza tena kuubishania mchezo ule.

— Ustadh alimwonea huruma tu, akasema Hajji Dakhil, tunayemwita Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hapo mgeni nani, Hajji? nikamuuliza.

— Huruma wapi! akadakia Mizban Daktari, muuza sumu ya panya. Ni moshi wa kulehemu. Umetoka kwenye kanzu ya Shnawa, ukampanda Ustadh kichwani.

— Hamjui kitu nyie! Redio akapaza sauti. Mfua bati kiziwi! Nyundo zimemla masikio. Meza iligongwa, hakusikia. Mchezo umekwisha, yeye anacheza peke yake!

— Lakini alijibu, Hajji, nikasema.

— Alikuwa anasema na chai yake!

Dereva mmoja wa lori kutoka Amara, aliyekuwa akingoja chai, akainamisha kichwa.

— Samahani, wajomba. Huyo mfalme alikuwa na pa kwenda?

— Hana, akasema Mizban.

— Alishambuliwa?

— Hata.

— Basi kilichomshinda ni nini?

Redio akakoroga gilasi tupu.

Nikainuka, nikafuta, nikaandika SARE, herufi kubwa.

— Wee! Redio akamaka. Ustadh anakuja baada ya Magharibi!

— Aje. Agonge mpaka meza ipasuke. Sifuti.

Ndugu yangu unayenisikiliza, ukipita soko la wafua bati, nakuomba umwambie Shnawa nilimkosea, na aje acheze.