Shangazi Pima Tena na Siku Kumi na Nane

Marehemu shangazi yetu, ambaye wateja na majirani walimwita Pima Tena, alizaliwa tarehe 11 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya watano wa mwashi na mkunga. Mimi ninayesoma haya ni binti wa kaka yake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985. Hesabu alizipenda, historia ilimpa usingizi. Akasomea ushonaji, na mwaka 1990 akafungua chumba chake, mlango wa pili kutoka duka la madaftari. Humo alishona sare za shule, futi shingoni, chaki sikioni. Hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kupima mara mbili.

Hata mume, fundi kufuli, alimpata hivyo hivyo. Alipeleka suruali moja, akaitwa kupimwa mara tatu.

"Fundi, si suruali moja tu hii?"

"Kiuno chako ndicho hakitulii, kaka."

Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1996, wakajaliwa watoto wawili. Mumewe anashikilia mpaka leo kwamba kiuno kilikuwa kile kile.

Wakubwa walinishauri niandike "aliugua kwa muda mfupi". Nimeshindwa. Aliugua miezi ishirini na miwili, na yeye vipimo vya kukisia hakuvipenda. Sauti ilianza kukwaruza Juni 2022. Miezi tisa akapewa vidonge vya kikohozi na kuambiwa asukutue maji ya chumvi. Machi 2023 ndipo daktari mmoja alipomchungulia kooni kwa kamera: saratani, tena imeshafika kwenye tezi za shingo.

Nilimuuliza daktari kwa nini apewe mionzi na dripu ya dawa kwa pamoja, kwa nini asianze na kimoja. Alinijibu kama anayemjibu mtu mzima, namshukuru. Dawa inazidhoofisha chembe za saratani, ili mionzi ikizipiga zishindwe kujitengeneza upya. Lakini lazima viende sambamba, bila kukatiza: mionzi mara thelathini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba.

Alianza tarehe 8 Mei. Kila siku walimlaza, wakamfunika uso na shingo kwa barakoa ngumu ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo lake, wakaibana mezani asitikisike. Alikwenda mara kumi na tisa bila kukosa. Tarehe 2 Juni mashine ikaharibika. Tukaambiwa Jumatatu. Jumatatu tukaambiwa Jumatano. Zikapita siku kumi na tatu.

Mashine ilipopona, yeye alikuwa hawezi kusema neno kwa vidonda vya koo, analishwa kwa mrija. Walipomvalisha barakoa akainua mkono, akaomba daftari lake la vipimo. Akaandika: Imepwaya.

"Mama, barakoa ni ile ile," mtaalamu wa mashine akasema.

Shangazi akatoa futi mkobani, akajipima shingo mbele yake. Inchi kumi na mbili na nusu. Akafungua ukurasa wa siku ya kwanza: kumi na nne. Chini yake akaandika: Barakoa ni ile ile. Shingo siyo. Pima tena.

Wakamtengenezea nyingine. Siku tano zaidi. Akamaliza tarehe 11 Julai badala ya 23 Juni. Desemba uvimbe ukarudi. Nilimuuliza daktari kama ni zile siku. "Sijui, mwanangu. Labda." Naichukia hiyo labda.

Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 13 Aprili 2024, saa moja na robo asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe. Wiki tatu kabla alinishonea sketi hii niliyovaa. Pindo ameliacha inchi nne. Daftarini aliandika: Utarefuka.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja, kaka wawili, dada wawili, na shule nzima iliyovaa mikono yake.

Shangazi, pumzika kwa amani. Ulipima vyote ulivyoweza kupima. Hizo siku kumi na nane tutaziulizia sisi.