Kidumu Kwenye Msumari

Wapendwa, habari za asubuhi. Mimi ndiye yule aliyekuwa akiwasalimia kwa mkono wa kushoto karibu mwaka mzima, nanyi hamkuninunia. Leo nimepewa nafasi ya kushukuru, na nimeombwa nisirefushe. Nitajitahidi, ila mnanijua.

Kwanza, mkiona nimesimama upande upande hivi, simpi mchungaji mgongo. Kule dirishani ameketi baba mkwe wangu. Wenyeji mmeshaelewa. Kwa wageni mliotoka mbali: sisi Wanyakyusa tuliolelewa na bibi zetu, mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, na akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima. Wengi siku hizi wameiacha, lakini mimi na mzee tumeishika. Huu ni mwaka wa saba tangu niolewe, nyumba zetu hapa Kyimo zinatenganishwa na migomba tu, na sijawahi kumwambia neno hata moja. Mkumbuke hilo, maana ndiko ninakokwenda.

Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi mitano nilipogusa kitu kigumu kwenye ziwa la kulia. Nikasema ni maziwa yameganda. Shoga yangu mmoja akanishauri nikande kwa maji ya moto, nikakanda. Hakukuwa na maumivu, basi nikaona dawa inafanya kazi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli bila aibu: nilikanda kansa kwa miezi minne. Mume wangu ndiye aliyesema basi. Akaomba ruhusa kiwandani kwenye majani ya chai, tukaenda Tukuyu, Tukuyu wakatutuma Mbeya, na Mbeya daktari akanieleza taratibu kwamba ziwa lote litaondolewa. Nililia mpaka kwikwi. Halafu nikamuuliza mtoto atanyonya nini. Yaani naambiwa habari za uhai wangu, mimi nawaza uji wa mtoto. Daktari akatabasamu, akasema mama anayeuliza hivyo ana nia ya kurudi nyumbani.

Nikarudi. Na hapo, akina mama wa jumuiya, niwasifu na niwaseme kidogo. Mlinifulia, mlinichotea maji, mlinipikia. Mungu awabariki, maana mume wangu siku aliyojaribu kupika mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, hata kuku waliziangalia wakaondoka. Lakini ninyi ninyi ndio mlioufunga mkono wangu wa kulia kifuani kwa kanga, mkasema usiinuliwe, kidonda kitafumuka. Nami nikatii kwa furaha, kwa sababu ulikuwa unauma. Nesi alikuwa amenipa karatasi yenye picha za mama anayepandisha vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Nikaificha chini ya godoro.

Kidonda kikapona vizuri. Mkono ukagoma. Ulikuwa unafika hapa, usawa wa mbavu, basi. Sikuweza kujisuka, sikuweza kufunga kanga begani, na kubwa kuliko yote, sikuweza kumbeba mtoto mgongoni. Mnajua huku kwetu. Shamba lina utelezi, mvua haina likizo, mama asiyeweza kubeba mtoto mgongoni atapalilia lini, atakwenda sokoni vipi? Nilikuwa namweka kiunoni upande wa kushoto, namshika kwa mkono wa kushoto, na hapo nimeshamaliza mikono yangu yote. Nilianza kuamini kwamba nitakaa hivyo maisha yangu yote, mke wa kuhudumiwa.

Na mzee akanizidishia. Kabla ya ugonjwa alikuwa akipita nyuma ya jiko letu kwenda kwa ng'ombe wake, anakohoa, nami najificha, maisha yanaendelea. Niliporudi hospitali akaacha kabisa kupita. Akawa anazunguka kule bondeni, njia ndefu yenye matope, na miguu ile yake. Alfajiri analeta kidumu cha maziwa ya mjukuu, anakiweka kizingitini, anakohoa, anaondoka. Nikasema, haya, maziwa ni ya damu yake. Mimi niliyekatwa ananikwepa. Nikajiambia bila shaka anamtafutia mwanawe mke mwingine mwenye viungo kamili. Heshima ya mtu nikaigeuza kinyaa. Nilikaa na uchungu ule wiki nyingi, simwambii yeyote.

Sasa sikilizeni. Siku moja nimetoka kliniki. Kesho yake asubuhi nasikia kikohozi, nafungua mlango na mtoto kiunoni, kizingiti kitupu. Nageuka, naona kidumu kinaning'inia kwenye nguzo ya baraza, kwenye msumari mpya, usawa wa kifua. Upande wa kulia! Nilikasirika. Nikataka kumweka mtoto chini nichukue kwa kushoto, lakini ilikuwa imenyesha, baraza zima maji, na yule mtoto akiona tope anaona sherehe. Analia njaa, kidumu kile pale. Basi nikauinua huu wa kulia. Ulipita pale usawa wa mbavu ukaniuma hadi kwenye meno, nikasema maneno ambayo si ya kanisani, nikakishika.

Jioni nikamshtakia mume wangu. Akaenda kumuuliza baba yake, akarudi anacheka, akasema mzee amejibu kwamba ng'ombe wake amerefuka. Nikanuna siku mbili. Siku ya tano kidumu kikapanda kiganja kizima. Wiki ya pili kikafika begani. Kila asubuhi mimi na ile nguzo tunagombana, mtoto ananishangilia kwa sababu anajua uji unakuja.

Mpaka siku moja nikiwa natwanga hewa kwa hasira chini ya nguzo ile, nikaangalia juu. Nikaona misumari. Saba, imepangwa mmoja juu ya mwingine, wa mwisho uko karibu na bati, juu ya kichwa changu. Nyundo sikuwahi kuisikia, basi yote ilipigiliwa siku ile moja niliyokwenda kliniki. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina. Nikaingia ndani, nikainua godoro. Karatasi ya nesi haikuwepo.

Mume wangu aliporudi kutoka kiwandani nikamkalisha, nikamwambia leo husemi habari za ng'ombe. Akakiri. Mzee alikuwa amemuuliza mkono wangu unaendeleaje, naye akamwonyesha ile karatasi. Mzee akakaa nayo siku nzima, akiigeuza geuza ile picha ya mama na ukuta. Ndipo akasema:

"Mimi siruhusiwi hata kumtazama mwanangu huyu, nitamshikaje mkono? Nimeuita kwa maziwa."

Na ile njia ya bondeni? Alikuwa ameona kwamba nikikaa juani kukausha kidonda, nikisikia kikohozi chake naruka kukimbilia ndani, naumia. Akaona afadhali miguu yake ipate matope kuliko mimi niruke. Niliinamisha kichwa mezani nikalia, wapendwa. Nililia kwa aibu na kwa furaha, na siku ile nilikunywa maziwa ya mtoto kikombe kizima, wala sijutii.

Kuanzia hapo sikugombana tena na nguzo. Nilikuwa naamka kabla ya kikohozi. Mchana napandisha vidole ukutani kama kwenye picha, nikiuma kanga. Msumari wa sita ulinitesa wiki tatu nzima, na mzee hakukishusha kidumu wala hakukipandisha, alisubiri. Asubuhi niliyoufikia wa saba nilikishusha kidumu, nikakiweka chini, nikainama, nikamrusha mtoto mgongoni, nikapitisha kanga juu ya bega hili la kulia na kufunga. Nikasimama barazani naye mgongoni, hakuna aliyenisaidia. Ndani ya migomba kukatoka kikohozi. Kirefu! Hakikuwa cha kunionya, maana alikuwa ameshaleta maziwa zamani.

Kliniki bado naenda, na daktari ananiambia tuendelee hivyo hivyo. Nawashukuru akina mama, mume wangu, na nesi aliyechora kwa uvumilivu. Kwa akina dada: ukigusa kitu usichokielewa, usikande, nenda upimwe. Na kwa sisi wote, mtu akikupitia mbali, usiharakishe kujua sababu. Mimi nilijua sababu wiki nyingi, na nilijua uongo.

Limebaki moja. Mzee siwezi kumwambia, mila ni mila, na sitaivunja leo kwa sababu ya kupewa maikrofoni. Kwa hiyo naongea na nguzo hii ya kanisa, mniwie radhi. Wewe nguzo, mwambie yule mzee wa dirishani: ndaga fijo, tata, asante sana, baba. Mwambie msumari wa nane akitaka apigilie, nitaufikia. Mwambie atazame tu huku, mimi nimegeukia ukutani, hatatazama uso wangu. Atazame mkono.

Huu hapa. Wa kulia. Mpaka juu.

Mmemsikia? Amekohoa.