Bunduki Tano na Mlango Mmoja

Benchi letu liko Garsen, mkabala na pale mabasi ya Malindi yanaposimama, chini ya bati la kibanda cha Kadenge. Mimi ni Kuno. Kahawa ni yangu, dele la kuichemshia ni langu, na benchi nililigonga misumari mwenyewe, kwa hivyo nikimwambia mtu anyamaze inafaa anyamaze, ingawa sijampata bado wa kunisikia. Kadenge tunamwita Chapa, maana anawapigia watu barua kwa kompyuta, ile moja tu tuliyo nayo mjini, ya kuazimwa, inayotaka jenereta ingurume ndipo iamke. Kioo chake amekigeuza kituelekee dirishani, kwa sababu mle ndani kuna mchezo. Wewe na wenzako mnavaa nguo nyeusi, mnaingia jumba ambalo majambazi wamewashika mateka wanne, na kabla ya kuingia unachagua bunduki. Bunduki ziko tano. Mwaka huu wote wa 1999 Chapa amekuwa akipiga orodha, ya kwanza mpaka ya tano, akiibandika ukutani, na kila wiki tunaibandua tukigombana.

Leo ilikuwa lazima tukubaliane. Mwenye kompyuta yuko Malindi na ameitaka irudi, na inarudi kwa basi la saa nne, lile la kutoka upande wa Lamu na eskoti ya polisi mbele. Hilo lisingenisumbua sana, barua tulikuwa tukiandika kwa kalamu. Kilichonisumbua ni Josiah.

Josiah siku hizi anatengeneza baiskeli. Zamani alikuwa utingo wa basi la Malindi, mpaka mwaka jana, mafuriko ya El Niño yalipokauka, majambazi walipolisimamisha njiani. Tangu siku hiyo hapandi gari. Mkewe Kabibi alipanda peke yake kwenda kujifungua kwao Malindi. Mtoto sasa ana miezi saba, ameota meno mawili, na baba yake hajamtia machoni. Josiah aliapa hapa hapa, kikombe changu mkononi: "Siku nitakayowatoa mateka wote wanne wazima, siku hiyo napanda basi." Watatu huwatoa. Wa nne ni mwanamke, yuko chumba cha ndani, nyuma ya mlango wa kijani, na kila siku anauawa. Nilitaka kumtukana kwa kiapo kile cha kipuuzi. Badala yake nikamwongezea kahawa.

Basi ilikuwa saa tatu asubuhi, dizeli imebaki ya mizunguko miwili, na orodha iko wazi.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Dadacha, mfugaji, ng'ombe wake wako upande wa Kipao. Hajawahi kuingia jeshini hata kwa kupotea njia, lakini tunamwita Jenerali.

Jenerali: Andika G3 ya kwanza.

Chapa: G3 ilikuwa ya kwanza wiki iliyopita, mzee. Yule mama akafa.

Jenerali: Hakufa kwa sababu ya G3. Ile mimi najua, naona polisi anabeba. Nzito. Mtu na kitu kizito hawezi kukimbia, kwa hivyo hawezi kukuacha.

Chapa: Ndani ya kompyuta hazina uzito.

Jenerali: Kama hazina uzito, mbona Josiah akimaliza shati imelowa?

Chapa akapiga G3. Lakini kando ya Jenerali ameketi Chengo, mkulima, ambaye redio yake hailali na kwa hivyo anaitwa Idhaa, na Idhaa hajawahi kukubali jambo lililosemwa na mtu mwingine.

Idhaa: Futa. AK. Tope ikiingia unaikung'uta, unaendelea na safari yako.

Chapa: Mle ndani hakuna tope, bwana. Ni sakafu ya vigae.

Idhaa: Leo hakuna kwa sababu ni kiangazi. Mvua ikinyesha utaniambia.

Chapa: Mvua hainyeshi kwenye mchezo.

Idhaa: Hata sisi mwaka wa tisini na saba tulisema hainyeshi.

Jenerali: Hapo amesema kweli. Huyo aliyechora hiyo nyumba alikuja wakati wa jua.

Mimi nilikuwa napuliza makaa na moyo unapanda. Nikawaambia nyote hamjui kitu, chumba ni kidogo, mlango ni mwembamba, achukue ile fupi yenye kitako cha kukunja. Unaingia na mtutu mrefu kama mti wa kupigia embe, utagonga kila mahali.

Idhaa: Kuno, wewe mimina.

Nikamimina. Lakini cha Idhaa nilikijaza nusu.

Josiah alikuwa ameketi dirishani kwa ndani, mkono juu ya mausi ya kompyuta, macho kwenye kioo. Hakugeuka.

Josiah: Niambieni moja. Yoyote mtakayosema nitaichukua, na leo nitamtoa.

Chapa: Mimi naona M16. Risasi yake haipotei.

Idhaa: M16 ikichaguliwa jenereta inakohoa. Nimeisikiliza mara nyingi. Inakula dizeli. AK ikichaguliwa inanguruma sawasawa. Orodha ingepangwa kwa jenereta tungemaliza zamani.

Chapa: Jenereta inakohoa kwa sababu ya uchafu kwenye tangi.

Idhaa: Na mbona uchafu unachagua bunduki?

Jenerali: Nyinyi wote mnapotea. Mimi nimefikiri tangu juzi. Huyo mama anakufa kwa sababu gani? Anaogopa. Ameona mtu mweusi nguo, bunduki hajui ni ya nani. Angeona G3 angesema, hii ni polisi, ningoje. Lakini hapo pia sina hakika, kwa sababu yeye si wa huku. Viatu virefu vile si vya huku. Kwa hivyo mimi nasema bunduki zote weka chini. Aingie na fimbo.

Chapa: Fimbo haimo kwenye orodha, mzee.

Jenerali: Wewe ndiye unapiga orodha. Ipige. Mtu na fimbo anatafuta ng'ombe wake. Anaingia, anauliza, "Mmeona ng'ombe mwekundu, pembe moja imevunjika?" Hakuna mtu anaua anayetafuta ng'ombe. Atakaa pale, ataulizwa habari ya malisho, mwisho atatoka na huyo mama.

Idhaa: Na majambazi?

Jenerali: Hao wamekwenda kumsaidia kutafuta.

Nisiseme uongo, nilicheka mpaka kikombe kikaanguka. Chapa akapiga: ya sita, fimbo. Ipo mpaka sasa hapo ukutani.

Lakini saa ilikuwa inakwenda. Tukapiga kura, na Jenerali akashinda kwa sababu alipiga kura mbili, ya kwake na ya umri wake. G3. Josiah akaichagua.

Wakati huo akaja mwanamke na mitungi miwili ya maziwa, anangojea basi. Alitwambia jina lake Barwako, ni wa Bura, amelala kwa binamu yake hapa mjini, na anampelekea dada yake Malindi maziwa. Nikamsogezea nafasi mwisho wa benchi na kikombe. Hakuwahi kuona kompyuta. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akatazama.

Josiah akaingia jumba. Na niseme, kijana yule ana mkono. Ukumbi wa kwanza akapita, ngazi akapanda, mlango akaufungua, mateka wa kwanza akatoka. Mlango mwingine, wa pili akatoka. Jikoni, wa tatu akatoka. Hata redio ya Idhaa imepunguzwa. Akafika mlango wa kijani.

Akasimama.

Mlio ukasikika ndani. Maandishi mekundu yakaja kwenye kioo. Tunayajua bila kuyasoma, yule mama amekufa.

Idhaa: G3. Nilisema mimi.

Jenerali: Si G3. Ameishika vibaya.

Chapa: Ningeweka M16 sasa hivi tungekuwa tunakunywa kwa furaha.

Idhaa: M16 gani, jenereta ingekuwa imezima.

Wakaanza tena, kila mmoja juu ya mwenzake. Barwako akaweka kikombe chini.

Barwako: Samahani, wazee. Huyu kaka mbona pale anasimama mlangoni?

Jenerali: Anapiga hodi. Ni adabu. Huwezi kuingia chumba cha mke wa mtu hivi hivi.

Idhaa: Anangoja amri.

Chapa: Ni mashine, dada. Ni nzito kidogo, inafikiria.

Barwako: Milango ile mingine hakusimama.

Mwaka mzima tumekaa hapa, tumepanga bunduki kwa uzito, kwa tope, kwa dizeli, tumefika mpaka fimbo, na mimi mwenyewe nimekula kiapo juu ya kitako cha kukunja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutazama mkono wa Josiah. Niliona haya. Kwa sababu sisi wote wa benchi hili tunajua jina tuliloacha kumwita. Enzi za utingo, kijana aliyekuwa akining'inia nje ya basi likienda, akishuka kabla halijasimama, tulikuwa tunamwita Mlango. Baada ya siku ile tukaliacha jina, kila mtu kimyakimya, tukadhani tumemfanyia wema.

Josiah alitoa mkono kwenye mausi. Akamwangalia yule mwanamke, si sisi.

Josiah: Dereva aliniambia funga.

Barwako: Funga nini?

Josiah: Mlango wa basi. Walikuwa bado mbali, wanakimbia kutoka vichakani. Akaniambia funga twende. Nilikuwa nimeushika. Nikasimama nao mkononi, sikufunga. Wakapiga risasi, ikaingia mlangoni, ikampata mama wa kiti cha mbele begani. Alipona. Lakini ule mkono wake hauinuki. Bunduki ilikuwa gani sijui. Sikuiona. Niliona mlango tu.

Barwako hakusema pole. Alitikisa kichwa taratibu, tena akauliza kama anauliza njia.

Barwako: Na huo wa kijani, unaufungua upande gani?

Josiah: Kwa ndani. Unausukuma.

Barwako: Usukume basi.

Josiah akarudisha mkono kwenye mausi. Akamwambia Chapa aanzishe tena. Chapa akamuuliza bunduki gani, na kwa mara ya kwanza tangu kompyuta ije Garsen, benchi zima halikutaja hata moja. Akachukua iliyokuwa mbele. Wa kwanza akatoka, wa pili akatoka, wa tatu akatoka. Akafika mlango wa kijani, na jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Mimi nasema nilikiona kile kijani kikianza kusogea. Idhaa anasema hakikusogea. Tutabishana juu ya hilo mpaka tuzikwe.

Kisha tukasikia honi. Lori la eskoti lilipita mbele likasimama, na basi nyuma yake limejaa vumbi.

Chapa akakimbia kufungua nyaya. Vitu vizito vilikuwa viwili, sanduku na kile kioo kizito, na mikono yake ni ya kupiga chapa. Akabeba sanduku. Josiah akakifunga kioo kwa shuka, akakinyanyua kifuani, akavuka barabara. Tulidhani anamsaidia kufikisha. Chapa akapanda, akaweka lake, akashuka, akanyoosha mikono kupokea. Josiah hakumpa.

Akasimama mbele ya mlango wa basi na kioo kifuani. Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika. Utingo mpya, ambaye hamjui, akamwambia bwana amua. Mimi nilikuwa nimesimama na dele mkononi, kahawa inamwagika kwenye miguu yangu na sisikii moto. Nilitaka kuita. Jenerali akanishika nguo.

Jenerali: Mwache.

Barwako alikuwa nyuma yake na mitungi yake miwili.

Barwako: Kaka, sukuma mguu. Maziwa yangu jua linayapata.

Josiah akapanda.

Akapita ndani, tukamwona dirishani akikiweka kioo juu ya kiti cha mbele. Barwako akapanda, mitungi ikapanda, na wengine wote. Lori la polisi likawasha. Utingo mpya akawa bado yuko chini anabishana na mtu wa mbuzi, dereva anapiga honi, akaruka ndani basi likiwa linaondoka, mlango wazi nyuma yake, unapigapiga.

Mkono ukatoka ndani. Wenye grisi ya baiskeli mpaka kwenye kiwiko, ule ule tuliokaa mwaka mzima bila kuutazama. Ukaushika mlango, ukauvuta, ukaufunga.

Basi likashika njia ya Malindi. Tulikaa. Idhaa hakufungua redio. Chapa akarudi, akatazama meza tupu, akaketi na sisi upande wa nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jenerali: Mimi nasema ni G3.

Idhaa: AK.

Jenerali akanyoosha kikombe chake kwangu. Nikalipindua dele. Kahawa yote nilikuwa nimeimwaga barabarani.