Mwalimu Speciosa Ntahondi, Aliyeupima Ushauri Wake Sokoni

Tarehe 30 Juni 2007 Mwalimu Speciosa Ntahondi anatimiza miaka thelathini na minne ya utumishi, na anastaafu kwa mujibu wa sheria. Sheria hiyo haikutuuliza sisi walimu wa hapa Mbuba. Ingetuuliza, ingejibiwa vibaya.

Alianza kazi mwaka 1973 katika shule ya msingi huko Nyakahura, wilayani Biharamulo, akifundisha Kiswahili watoto waliozungumza Kisubi na Kirundi nyumbani. Mwaka 1988 akahamia kwetu sekondari. Tuseme ukweli, mama huyu ana kichwa kigumu. Akisema chai ya ofisini ina moshi, basi ina moshi. Kuna mwanafunzi mtoro ambaye Mwalimu alimfuata hadi kwao, akamkuta anakula, akanawa mikono akala naye, kisha wakarudi shuleni pamoja.

Mwaka 1994 wilaya yetu ya Ngara ikafurika wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na nyuma yao yakaja mashirika na magari yao meupe. Vijana wetu wenye Kiingereza kidogo na Kirundi kingi wakawa lulu. Mwalimu Speciosa, akiwa mshauri wa wanafunzi, aliwaandaa kila Jumatano mchana: kuandika barua ya maombi, kujibu maswali ya usaili, kumtazama mzungu usoni bila kutetemeka. Wakaajiriwa, wengine hata kabla ya kufika kidato cha nne. Wageni waliokuja kukagua mpango wetu wa ushauri nasaha waliwahesabu walioajiriwa, wakatusifu, nasi tukapiga makofi. Nani anakataa sifa?

Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudi kwao, na mashirika kadhaa yakafunga virago. Siku moja ya soko pale Nyakahura, Mwalimu akamwona Jean Paul, kijana aliyeacha shule kidato cha tatu kwa baraka za Mwalimu mwenyewe ili awe karani wa ghala la shirika. Alikuwa amekalia magunia ya mihogo ya mtu mwingine, viatu vinang'aa, hana kazi, hana cheti, na jembe anaona aibu kulishika. Kesho yake Mwalimu hakuigusa chai wala kuisema, tukajua kuna jambo.

Tangu hapo akaanza ukaguzi wake mwenyewe. Kila siku ya soko aliwatafuta waliopita mikononi mwake, akawauliza wanafanya nini sasa, na ni kipi tulipaswa kuwaambia tusiwaambie. Walimjibu bila kumwonea haya. Kwenye kikao cha wazazi akasimama, wala hakumung'unya maneno: mpango wa ushauri, mpango wake mwenyewe, umeshindwa, kwa sababu tunawaandaa watoto kwa kazi zitakazoondoka na malori. Mkuu wa shule alikohoa mpaka akaomba maji.

Mwaka 1998 likaja suala la Iteka. Binti huyu alikuwa kidato cha tatu, wa kwanza darasani, na ndoto yake ilikuwa utabibu. Shirika mojawapo kati ya yaliyobaki likamtaka awe mkalimani mara moja, na baba yake, mzee Nizigiyimana wa Bugarama, akakubali. Jamani, tusimlaumu. Mtu aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 na mtoto wake wa kwanza mgongoni, bila hata sufuria, kazi ikibisha hodi mlangoni hawezi kuiambia isubiri. Lakini sote tulijua Iteka akitoka darasani wakati ule, harudi tena.

Mwalimu angeweza kwenda Bugarama na hotuba. Alikwenda na Jean Paul. Hebu fikiria, umchukue mtu uliyemharibia, umpeleke kwa watu akuseme mbele yako! Jean Paul alimweleza mzee kwa Kirundi kwamba yeye alishauriwa vibaya, kwamba aliyemshauri ndiye huyu hapa, na kwamba leo angepewa nafasi ya kurudi darasani angeipokea kwa magoti. Mwalimu akakubali kila neno. Mzee akaagiza ndizi zipikwe, na walipokwisha kula akasema Iteka amalize shule, ila akifeli, Mwalimu atakuja kumlimia shamba. Weee! Mwalimu akakubali hata hilo.

Tangu hapo Jumatano zetu zikabadilika. Hatukumsindikiza tena mtoto kazini kabla ya cheti, na waliomaliza wakawa wanakuja kusimulia, waliofaulu na waliokwama. Jean Paul alirudi kusoma kama mtahiniwa wa kujitegemea, na leo ni fundi umeme Biharamulo mjini. Iteka anatibu wagonjwa Nyakahura.

Matokeo ya Iteka ya kidato cha nne yalipotoka, mzee Nizigiyimana alikuja kwa miguu kutoka Bugarama, matope hadi magotini. Alimzidi Mwalimu umri, tena kwa mbali, kwa hiyo Mwalimu akainuka upesi ili amwamkie. Mzee akamwahi. Alivua kofia, akainama, akampa yeye shikamoo. Mwalimu alishindwa kuitikia. Alijifunika uso kwa kanga akalia, nasi tukalia.

Mwalimu Speciosa, asante kwa watoto wetu. Uende ukastaafu kwa amani, afya ikujae, na migomba yako ikuzalie vizuri. Leo, wakubwa kwa wadogo, tumesimama kukuambia: shikamoo, mama. Safari hii tafadhali uitikie.