Wanawake wa Vibeti Namwachia Carine

Sikilizeni wanangu, mliokuja kuniaga, na weye Dan acha kucheka. Najua nina miaka ishirini na mbili na urefu wa nguzo, lakini penye wazee haliharibiki neno, na hapa gare, kwenye stesheni ya treni, kati ya masanduku na magodoro, mzee mwingine mwenye akili simwoni, kwa hiyo mzee ni minye. Nimezaliwa hapa hapa Likasi, mtaa wa Shituru, kitovu changu kimezikwa nyuma ya ile nyumba ya kampuni, na leo sisi wenye majina ya Kasai tunaambiwa turudi kwetu Kasai, mkoa wa mbali ambao sijui hata harufu yake. Bon. Treni ikija nitapanda. Vumbi na homa vimeshaila sauti yangu, basi msinikatize.

Baiskeli yangu namwachia Dan. Haina mnyororo, lakini kwenye mteremko nani atajua? Na Placide wa kundi la maombi, aliyewaambia mama zenu kwamba vibeti wa hadithi zangu ni mapepo, mwambieni nimemsamehe nusu, ile nusu nyingine aifuate Kasai.

Sasa hadithi, ambayo ndiyo mali yenyewe. Likasi nzima hakuna aliyesimulia vibeti kama minye, niliyeacha shule mapema na bado walimu wakasimama ukutani kusikiliza: wale watu wafupi, wanene, wenye ndevu hadi mkandani, wanaochimba shaba chini ya mlima kwa nyundo za baba zao. Kila umeme wa bwawa la Koni ulipokatika nilipigana na majitu, nikapindua wafalme, na kila nilipofika patamu Carine huyu aliinua kidole kumuuliza kaka yenu mkubwa kuhusu mama zao: "Yaya, bamama yabo beko wapi?"

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, ila wahenga hawakukaa mtaa mmoja na Carine. Nikamwambia vibeti hawana wanawake, wanazaliwa na mawe. Akasema, "Basi juu ya nini kila siku banaapa kwa jina ya bamama yabo?" Nikamwambia haya, wapo, ila wana ndevu kama wanaume, huwezi kuwatofautisha. Nilidhani nimemfunga. Wiki iliyofuata akarudi na kidole kile kile: "Yaya, kama hauwezi kubatofautisha, weye unajua namna gani mufalme ni mwanaume?" Mlicheka hadi mkagaragara. Nikawafukuza wote, ukumbi ukafungwa.

Mnajua nilipoishia. Mlango wa mlima umeporomoka, vibeti wote wamo ndani, mfalme ameketi gizani na chakula kimekwisha. Hapo ndipo nilipogongewa mlango wangu nikaambiwa nifunge mizigo, kwa hiyo mwisho sijawapa. Dan anataka shoka moja kubwa lipasue jiwe. Shoka, Dan, lipasue mlima?

Nimekaa hapa siku nyingi nikitazama. Sisi wanaume wa mishipa ya shingo tumeketi juu ya masanduku tukibishana treni itatokea upande gani, na huku mama yangu Mbombo na wenzake wameshajenga vibanda kwa mabati na mashuka, wamejua bomba lipi bado lina maji, wanasonga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria ya mama na kopo la rangi na kumgawia hata asiye wao. Sisemi Carine ameshinda, nitakufa kwanza. Nasema tu kwamba vibeti wasingeishi miaka elfu chini ya mlima kwa kula nyundo.

Basi, Carine, hadithi ni yako. Wanawake wale usiwafanye warembo. Waachie ndevu, waachie ukaidi, na mmoja wao mpe hilo swali lako lililonizeesha. Wao ndio wajue njia ya pili ya kutokea, ile wanayopita kuchota maji, kwa sababu mfalme hakuwahi kuuliza maji yake yanatoka wapi. Dan agonge sahani iwe mlio wa nyundo, asibishe.

Mama anasema, "Tshimanga, funga kinywa, kunywa mayi." Ndiyo, mama. Kidogo tu.

Sogeeni karibu... sauti inakwenda. Mungu wa mama zenu awawekee taa, awape sufuria isiyokauka, na kesho isiyowauliza mmetoka wapi.

Na weye, Carine, siku ya kuwatoa vibeti, usimwache hata mmoja ndani. Nyuma kabisa utamwona mmoja mrefu kupita wote, mwenye kelele, amebeba sufuria ya mama yake... Huyo naye... mpitishe.