Goti la Wilondja na Hatua Elfu Kumi

Nje ya duka la kuku wa kuchoma, karibu na stesheni ya treni ya Blacktown, huku ughaibuni, pana benchi la chuma ambalo halmashauri iliwawekea wanaosubiri basi. Basi lenyewe lilishahamishiwa upande wa pili wa barabara, benchi likasahaulika, na wenyewe wakalirithi. Wenyewe ni watatu. Apondi, mwanamke wa Kikenya, anatunza vikongwe kwenye nyumba ya wazee, na kwa kuwa chupa ya kahawa ya tangawizi ni yake, kauli ya mwisho nayo ni yake, wanamwita Spika. Wilondja, Mkongo wa Uvira, anaendesha foklifti kwenye ghala moja huko Lidcombe na hakuna jambo duniani asilolijua. Huyo ni Profesa. Wa tatu ni Siméon, Mrundi, kitambi mbele na miguu imevimba chini, naye wanamwita Kilomita. Subiri kidogo utajua kwa nini wanacheka wakimwita hivyo.

Mwezi mmoja nyuma daktari alimpima Siméon sukari, akaguna, akampa kidude cha kubana kiunoni kinachohesabu hatua. Mkewe Fébronie akaongeza sheria yake mwenyewe: hatua elfu kumi kila jioni bila kukosa, la sivyo safari ya kwenda kumwona binti yao Darlène, muuguzi huko Al Ain, mji wa jangwani Uarabuni, ataiendea peke yake. Pasipoti zote mbili akazifungia kwenye mkoba wake wa kanisani.

Siméon alijaribu, haki ya Mungu alijaribu. Jioni ya kwanza alitembea hatua mia nne na kumi, akalikuta benchi, akakaa apumzike kidogo. Hapo ndipo Apondi alipoligundua goti la Wilondja. Mwanamume yule akibishana, goti lake la kulia linatikisika kama cherehani. Wakakibana kidude kwenye soksi yake, akatoa hoja mbili tatu, na Siméon akarudi nyumbani na hatua elfu kumi na mia tano. Fébronie alimpikia ndizi kwa furaha. Tangu siku hiyo kazi ya kijiwe ikawa moja tu, kumchokoza Profesa.

Jioni ninayosimulia ilikuwa ya mwisho, mwishoni mwa Juni ya 2009, ambayo huku kusini mwa dunia ni majira ya baridi, baridi ya kuuma masikio. Ndege ilikuwa kesho yake.

— Ngapi? aliuliza Siméon.

Apondi akainama, akaupandisha mguu wa suruali ya Wilondja, akasoma.

— Elfu sita na mia mbili. Profesa, leo umelala, manze!

— Mi nimechoka, alisema Wilondja. Leo nimeshusha kontena saba. Muache goti yangu ipumzike.

Siméon akamgeukia Apondi. Siku ya mwisho, na mtu wake amegoma!

— Basi pumzika tu, Apondi akamjibu kwa upole wa kutilia shaka, akimmiminia kahawa. Nilitaka tu kukuuliza. Huko Al Ain ni jangwa tupu, na Julai joto linapita arobaini na tano. Sasa Darlène anaandika ati watu wanatoka jioni, wanatembea kwa raha zao. Si huo ni uongo?

Goti likaamka.

— Uongo? Nani amesema uongo? Weye Apondi, hujui mchanga! Mchanga inakunywa joto. Ikifika saa kumi na mbili, joto yote inashuka chini, hapa juu inabaki baridi kabisa. Voilà.

— Zii! Na wanaokanyaga huo mchanga?

— Ndiyo maana wanatembea mbio mbio.

— Lakini Darlène anasema wanatembea polepole, Siméon akatia kuni.

— Polepole kwa macho yake! Mtoto wako amezoea treni.

— Elfu saba na nusu, Apondi akanong'ona.

— Tena sikilizeni, Wilondja akaendelea, sasa mguu mzima unacheza. Kule kila nyumba iko na mashine ya baridi. Mchana wanafunga madirisha, baridi inajaa ndani mpaka kwenye dari. Jioni serikali inapiga king'ora, watu wote wanafungua milango mara moja, baridi inamwagika barabarani. Njo maana wanatembea humo.

— Wewe umekiona hicho king'ora?

— Kuna binamu ya shemeji yangu alipitia kiwanja cha ndege cha Dubai!

— Alitoka nje?

— Atoke kufanya nini? Alisikia kutoka ndani!

Apondi alicheka mpaka akashika mbavu. Siméon naye alicheka, ila jicho moja lilikuwa kwenye saa. Akatoa mfukoni barua pepe ya Darlène, ile aliyochapishiwa pale maktaba, akawasomea upya kipande walichokipenda. Jua likizama, familia zinatoka na mikeka, wanaitandika kwenye majani ya bustani. Watoto wanaendesha baiskeli. Mwanzo hewa inakupiga usoni kama umefunua sufuria, halafu ukiingia chini ya mitende, penye mifereji ya maji, unapoa mpaka unataka kuimba. Na kila baada ya hatua chache kuna mzee ameketi na birika, anakukaribisha kahawa kwenye kikombe kisicho na mkono.

— Wazee wameketi na kahawa? Apondi aliruka. Buda, hicho ni kijiwe!

— Njo ile nilikuwa nataka kusema, alisema Wilondja.

Siméon alikunja barua haraka. Kipande cha mwisho hajawahi kuwasomea, na mwezi huu mzima kimekuwa kikimchoma. Darlène aliandika: Papa, mwaka wa tisini na tatu ulinibeba mabegani siku tatu mpaka Tanzania, mimi nikilala, wewe ukitembea. Njia ya kutembea hapa nimekuchagulia mwenyewe. Ni mwendo wa saa moja tu, tutaitembea wawili.

Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini aibu haihesabiwi na kidude.

— Ngapi sasa?

— Elfu tisa na mia moja. Profesa, malizia! Jua likizama, joto linaenda wapi?

— Swali ya mtoto! Jua inazama magharibi, joto inabaki magharibi. Kwa hiyo jioni muji mzima unatembea kwenda mashariki. Wote! Hakuna mtu anageuka!

— Na nyumbani wanarudije?

Wilondja alisita kidogo tu.

— Kwa teksi.

Walikuwa bado wanapangusa machozi ya kicheko pale mtu aliposimama mbele yao. Viatu vya raba vyeupe, vipya. Leso imefungwa imara. Fébronie.

— Karibu, Mama Darlène! Kahawa? Apondi alisema, sauti imempaa.

— Asante dada, leo sikai. Nimesema siku ya mwisho nimsindikize mume wangu. Akamgeukia Siméon, uso umejaa upole. Baba Darlène, nipitishe njia yako ile ya kila jioni. Tunaanzia kushoto au kulia?

Siméon akatazama kushoto, kuna benki. Akatazama kulia, kuna maegesho ya magari. Zaidi ya hapo, Mungu ndiye ajuaye. Akamtazama Apondi, na Apondi akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Inategemea upepo, alisema Wilondja.

Halafu goti lake likasimama. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, goti la Wilondja lilitulia tuli. Mguu wa suruali ulikuwa bado umepandishwa, na kidude kinang'aa kwenye soksi.

Fébronie aliinama bila haraka, akakibandua, akakisogeza kwenye taa ya duka.

— Elfu tisa, mia tisa na themanini. Hongera, shemeji Wilondja. Kesho saa mbili asubuhi uwe tayari. Begi lisizidi kilo ishirini na tatu.

— Tayari... ya nini, mama?

— Si wewe ndiye uliyetembea? Darlène atafurahi kukuona.

Apondi alipaliwa na kahawa. Siméon hakucheka. Alishika ukingo wa benchi, akajinyanyua, magoti yakalia.

— Kushoto, alisema.

— Kushoto kuna nini?

— Sijui, mke wangu. Sijawahi kufika.

Fébronie akabonyeza kitufe, namba zikarudi sifuri, akambana mumewe kidude kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

Wakaondoka. Nyuma yao Apondi akapaza sauti:

— Kilomita! Kahawa imeisha, usirudi!

Wakaipita benki, wakapita duka la dawa. Siméon alianza kuhesabu kimoyomoyo kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, akapotea kwenye mia na kitu kwa sababu ya kuhema. Fébronie akapunguza mwendo. Kwenye taa za pili za barabarani wakakuta benchi lingine, la mbao, tena lina egemeo. Siméon akalitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake.

— Mwaka ule siku tatu, mtoto mabegani, alisema Fébronie, na hukuniomba benchi hata mara moja.

— Mwaka ule tulikuwa tunafukuzwa.

— Na sasa unangojwa.

Taa ya kijani ikawaka, Siméon akamshika mkewe mkono, wakavuka.