Sahani Yangu Peke Yangu

Ndugu zangu, katekista ameniambia niseme kwa ufupi, nami sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo mnivumilie. Wengi hapa Kakese mnajua kwamba nilitaka kufa. Mmelisema kisimani, mmelisema kwenye pombe, ila mimi hamjanisikia nikilisema. Leo nalisema mwenyewe.

Mwaka ule tuliohamia kijijini, mwanangu wa miaka minne aliugua surua. Mke wangu akasema tumpeleke zahanati. Nikamwambia asubiri kwanza nimalize kubomoa nyumba, niokoe miti na mlango kabla lori la kutuhamisha halijafika. Nilibomoa siku mbili. Siku ya tatu mtoto akafa mikononi mwa mama yake, pembeni ya rundo la miti. Miti ile ndiyo niliyojengea nyumba tunayolala.

Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Bora angenilaumu. Nikaacha kula, nikaacha kulima, na asubuhi moja nikaingia porini nikiwa nimekata shauri nisirudi. Nilichofanya huko sikisemi, hakimsaidii mtu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anazungukia mizinga yake ya nyuki, akanikuta bado napumua. Akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali.

Niliporudi nyumbani, nawaambia ukweli, ndipo nilipoumia zaidi. Kwenye ukoo wetu mtu aliyetaka kujiua hali na wenzake wala hagusi mbegu, eti mvua itakata. Nikapewa sahani yangu peke yangu. Watoto wakakatazwa kunisogelea. Na hakuna aliyelitaja jambo lenyewe, waliogopa kwamba wakilitaja litarudi. Sisemi hawakunipenda, jamani. Baba alikuwa analia nyuma ya nyumba, nilimsikia. Lakini mimi nilikaa na sahani ile nikaona wameshanizika.

Wiki ya pili akaja dada yangu mkubwa, aliyeolewa Sitalike. Huyo dada ana mdomo, nyie mnaomjua naona mnacheka. Alinawa, akaketi kwenye mkeka wangu, akamega ugali kwenye sahani yangu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, bado unataka kufa?"

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Hakushtuka wala hakunihubiria. Aliniuliza ni wakati gani hali inakuwa mbaya zaidi. Nikamwambia ni asubuhi, nikifungua macho na kuiona ile miti ya paa. Basi akapanga na mke wangu na shemeji, kila asubuhi mmoja wao awe karibu yangu kabla sijaamka, na kila kitu cha hatari kitolewe mle ndani. Kisha akanipa ungo wa mbegu za mpunga mikononi, wazee wakiona. Baba akauliza, mvua ikikata je? Dada akamjibu, "Ikikata tutalia njaa, baba, lakini tutalia na huyu akiwepo."

Ikakata kweli. Mpunga ukakauka kabla ya kuchanua. Watu wakaninyooshea vidole, na yale mawazo yakarudi yote. Nilishaanza kuelekea porini. Njiani nikasimama, mpaka leo sijui ni kwa nini, nikageuka nikaenda kwa shemeji, nikamwambia leo niko vibaya. Aliacha chakula chake akakaa na mimi mpaka jioni. Tulichonga mzinga, maneno hayakuwa mengi.

Mungu awabariki dada, shemeji na mke wangu, na baba pia, ambaye baadaye alikuja mwenyewe kuniomba radhi. Nyie mkiwa na mtu wa namna yangu nyumbani, msimtenge na msimnyamazie. Muulizeni waziwazi, halafu mkae naye.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Mwanangu harudi, na kosa ni langu. Jumanne iliyopita asubuhi ilikuwa nzito kama zile za zamani. Nilimwamsha mke wangu, nikamwambia.